Kilindini, 1942: kufuli jipya au jina jipya?

Uzi mrefu kidogo, wadau, vumilieni.

Mjadala umerudi palepale. Upande mmoja unasema serikali ipewe njia ya kusoma meseji zilizofungwa kwa siri, la sivyo magaidi watatumaliza. Upande wa pili unajibu: hamieni apu fulani, imebadilishwa jina na kuimarishwa, sasa hakuna wa kuisoma. Kama kawaida ya uzi huu, sitaji mwanasiasa wala chama. Nitawapeleka Kilindini, kwa sababu maswali haya mawili yalishapata majibu hapa kisiwani zaidi ya miaka 80 iliyopita, na majibu yenyewe hayafurahishi upande wowote.

Turudi Aprili 1942. Japani imeshaichukua Singapore. Manowari zake zinavuka Bahari Hindi, na tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ndege zake zinapiga Colombo. Meli za kivita za Waingereza zinahitaji bandari yenye kina iliyo mbali na ndege hizo. Bandari hiyo ni yetu. Jina lenyewe linasema: Kilindini, kwenye kilindi.

Pamoja na meli ilikuja ofisi moja ambayo wengi wa kisiwani hawakujua kazi yake. Ilianzishwa Hong Kong mwaka 1935, ikahamia Singapore 1939, ikakimbilia Colombo mwanzoni mwa 1942, na baada ya shambulio la Pasaka sehemu kubwa ya wafanyakazi wake ikaletwa Mombasa. Kazi yao ilikuwa kunasa mawasiliano ya redio ya jeshi la majini la Japani na kuyafumbua. Wakapewa shule: Allidina Visram, ile iliyojengwa kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara aliyekuja kutoka India akiwa kijana na kufungua maduka kuanzia Zanzibar na Bagamoyo mpaka Uganda. Madarasa ya watoto yakawa vyumba vya kuvunja misimbo. Kwenye makaratasi ya wanamaji jengo likaitwa kwa jina la meli, HMS Allidina, kana kwamba linaelea.

Nikiri ukweli kwa niaba ya kisiwa: kwa kazi hiyo Mombasa haikuwa pahali pazuri. Mawimbi ya redio yalifika yamechoka, dhaifu kuliko yale yaliyonaswa Colombo. Wiki kadhaa zilipotea safarini na kazi ikalundikana. Ushindi maarufu wa Midway mwezi Juni 1942, ule wa Wamarekani kuzizamisha manowari nne za Japani zinazobeba ndege, Kilindini haina lake pale. Lakini kilichofanyika hapa baadaye mwaka huohuo ndicho kinachotuhusu.

Kwanza tuelewe kufuli lenyewe. Msimbo mkuu wa wanamaji wa Japani, ambao Wamarekani na Waingereza waliupa jina JN-25, ulikuwa wa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kitabu: kila neno au kifungu cha maneno kina namba yake ya tarakimu tano. Tuseme "msafara" ni 25041. Hatua ya pili ni kitabu kingine kilichojaa namba za ovyoovyo. Unachukua moja, tuseme 68817, unaijumlisha na ya kwanza tarakimu kwa tarakimu bila kubeba, unapata 83858. Hiyo ndiyo inayorushwa hewani. Mtu akinasa 83858 hajui lolote mpaka aivue ile namba ya pili.

Sasa angalieni. Namba zote za kitabu cha kwanza zilikuwa zinagawanyika kwa tatu. Jumlisha tarakimu za 25041: unapata 12. Kwa nini waliweka hivyo? Ili mpokeaji ajue haraka kama ujumbe umeharibika njiani. Ikitokea namba isiyogawanyika kwa tatu, kuna kosa. Jambo la urahisi tu, la kumsaidia karani aliyechoka usiku. Lakini ndilo lililomsaidia adui pia: ukikisia namba ya kuvua na matokeo yote yakagawanyika kwa tatu, basi umepatia. Mlango waliomwekea karani wao ukafunguka kwa kila mtu aliyeugundua.

Hii ishikeni, tutairudia tukifika kwenye "njia ya serikali".

Tarehe 1 Desemba 1940 Japani iliona ni wakati wa kuimarisha. Ikatoa kitabu kipya cha maneno, kikubwa kuliko cha kwanza. Toleo jipya, kila kitu kipya, au ndivyo ilivyoonekana. Ila kwa muda wakaendelea kutumia kitabu kilekile cha namba za kujumlisha. Wavunjaji walikuwa wameshakijua. Wakavua koti la zamani na kukikuta kitabu kipya kimekaa uchi kikingoja kusomwa. Na mwaka 1942, kabla ya Midway, walipotaka kubadilisha tena, tarehe ikasogezwa mara kadhaa kwa sababu vitabu vilitakiwa kufikishwa kwa meli na visiwa vilivyotawanyika bahari nzima. Mabadiliko yakaja mwishoni mwa Mei. Kwa Midway yalikuwa yamechelewa.

Yaani tatizo halikuwa hesabu. Tatizo lilikuwa kubadilisha nusu, na kubadilisha kwa kuchelewa.

Tuje Kilindini yenyewe sasa. Kulikuwa na msimbo mwingine, wa meli za biashara za Japani, JN-40. Hizi ndizo meli zilizobeba askari, mafuta na chakula. Wavunjaji waliudhani ni mtoto wa JN-25, hivyo wakaupiga kwa njia za JN-25 bila kupata kitu. Mnamo Septemba 1942 wenyewe Wajapani wakafanya kosa: ujumbe ukarudiwa, wa pili ukiwa na maelezo yaliyosahaulika kwenye wa kwanza, lakini ufunguo ni uleule. Wawili hapo Kilindini, John MacInnes na Brian Townend, wakaziweka karatasi mbili pamoja na kuona kwamba walikuwa wanapigana na mnyama tofauti kabisa. Hakukuwa na namba za kujumlisha. Maandishi yaligeuzwa kuwa tarakimu mbilimbili kwa jedwali, kisha tarakimu zikachanganywa kwa kupangwa kwenye safu na kusomwa kwa mpangilio mwingine.

Kufikia Novemba walikuwa wanasoma ujumbe uliokwisha kunaswa na ule mpya ulipoingia. Katika wiki mbili zilizofuata wakavunja na mingine miwili, JN-167 na JN-152. Hebu fikiria nahodha wa meli ya askari wa Kijapani mahali fulani karibu na Java anaripoti yuko wapi na anaelekea wapi, akiamini anazungumza na makao yake tu. Darasani kisiwani Mombasa mtu anaandika kila neno. Meli hizo zikawa zinafuatiliwa na kuwindwa. Watu walizama kwa sababu mtu mmoja alirudia ujumbe bila kubadilisha ufunguo.

Jambo jingine ambalo wapigaji kelele mtandaoni hulisahau. Hata msimbo uliokataa kuvunjika uliwafaa. Ukijua redio gani inaongea, na nani, saa ngapi, mara ngapi, na mawimbi yanatoka upande gani, unajua mengi kabla ya kusoma hata neno moja. Kituo kilichokuwa kimya kikianza kuongea usiku kucha na kituo cha mafuta, si lazima uwe nabii. Leo hii ndiyo ile orodha ya nani alimpigia nani, iliyoko kwa kampuni yako ya simu. Apu inaweza kufunga maneno yako vizuri sana na bado orodha ikabaki wazi.

Mwaka 1943 hatari ilipungua na ofisi ikarudi Colombo. Waliofanya kazi hiyo wakanyamaza kwa miongo. Uingereza haikuruhusu siri kubwa ya kuvunja misimbo ya vita vile isemwe waziwazi mpaka miaka ya 1970.

Sasa nitende haki kwa upande wa "usalama kwanza", kwa sababu hoja yao si upuuzi. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka hapa Mombasa kuelekea Colombo, imebeba miongoni mwa wengine mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Japani ikaipiga karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297. Siitaji kwa sababu ya misimbo. Naitaja ili mtu asiniambie kwamba siri ya dola ni anasa. Njia ya meli ikijulikana, watoto wa watu hawarudi. Na Pwani hatuhitaji kusimuliwa ugaidi: Kikambala 2002 tunaikumbuka, na Garissa 2015, ambapo waliouawa walikuwa 148, wengi wao wanafunzi.

Lakini hoja ya "kama huna cha kuficha, waogopa nini" ina kasoro moja ya kihistoria. Dola iliyokuwa inasoma barua za wengine hapa ilikuwa na mengi ya kuficha. Uhuru ulipokaribia, maafisa wa kikoloni walichoma baadhi ya faili na nyingine wakazisafirisha kwao. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London, serikali ya Uingereza ikakubali kwamba ilikuwa imezihifadhi faili za makoloni 37 ya zamani, za Kenya zikiwemo, pale Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Kwa hiyo tukiulizwa nani apewe ufunguo, swali la pili liwe: na yeye nani anamsoma?

Hapa Pwani swali hilo si la darasani. Mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa yameandika kwa miaka habari za watu waliochukuliwa na wasiorudi. Mama anayemtafuta mwanawe akiwasiliana na wakili ana cha kuficha, naam, na ana haki ya kukificha.

Haya, "njia ya nyuma ya serikali pekee". Kumbukeni namba zinazogawanyika kwa tatu. Ugiriki, 2004 hadi 2005: mitambo ya kampuni kubwa ya simu ilikuwa na programu ya kusikiliza simu iliyowekwa kwa ajili ya polisi wenye kibali. Watu ambao mpaka leo hawajahukumiwa wakaingia humohumo, wakaiwasha kimyakimya, wakasikiliza simu zaidi ya 100. Ya waziri mkuu ilikuwemo. Mlango haukuuliza kitambulisho.

Na kuna waliouziwa mlango bila kujua. Kampuni ya Uswisi, Crypto AG, iliuza mashine za siri kwa zaidi ya nchi 120. Mwaka 2020 waandishi wa habari wa Marekani, Ujerumani na Uswisi wakaonyesha kwamba tangu 1970 ilimilikiwa kwa siri na majasusi wa Marekani na Ujerumani Magharibi, na mashine nyingi zililegezwa makusudi. Mabalozi wakaandika siri zao kwa miaka wakijiona salama. Kampuni yenyewe ilishagawanywa na kuuzwa mwaka 2018, vibao vipya vikapachikwa.

Hapo ndipo tunaingia kwenye apu na majina yao.

Kubadilisha jina si dhambi. Signal ya leo ilizaliwa kwa kuunganisha apu mbili, TextSecure ya meseji na RedPhone ya simu, na kufikia mwisho wa 2015 jina likawa moja. Ufunguaji na ufungaji wake ukawa mzuri kiasi kwamba WhatsApp nayo ikautumia kwa watumiaji wake wote mwaka 2016.

Ila mfano ninaoupenda ni mwingine, na una jina letu ndani yake. Kuna programu huru iliyotengenezwa Montreal, Kanada, na kampuni ya Savoir-faire Linux. Ilianza ikiitwa SFLphone, ikawa Ring, na Desemba 2018 ikaitwa Jami. Jami! Wenyewe wanasema wamelitoa kwenye neno la Kiswahili, jamii. Wakaangusha herufi moja tu njiani.

Tofauti ya Jami ni kwamba hakuna seva ya katikati inayobeba meseji zako. Simu yako inaitafuta simu ya mwenzako kupitia mtandao wa watumiaji wenyewe, zikikutana zinaongea moja kwa moja, maneno yakiwa yamefungwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Huhitaji namba ya simu kujisajili. Ufunguo unakaa kwenye simu yako. Hakuna ofisi ya kwenda na amri ya mahakama kuomba nakala, kwa sababu nakala haiko ofisini.

Vizuri? Vizuri, lakini gharama zipo. Ukipoteza simu na hukuhifadhi nakala ya akaunti, hakuna wa kumpigia akurudishie. Na kwa kuwa mnaongea moja kwa moja, anwani yako ya mtandao inaweza kujulikana na yule unayeongea naye. Yule wa Kilindini aliyekuwa anasikiliza mawimbi yanatoka upande gani angetabasamu.

Linganisheni na Bridgefy. Hii inarukisha ujumbe simu hadi simu kwa bluetooth, hata intaneti ikizimwa, na ilipata umaarufu kwenye maandamano ya Hong Kong 2019. Mnakumbuka Juni 25, 2024 intaneti ilivyodorora hapa kwetu, kampuni zikataja hitilafu ya nyaya za baharini? Siku kama ile ndiyo watu huanza kutafuta apu za aina hii. Basi Agosti 2020 watafiti wa chuo cha Royal Holloway, London, walitangaza kwamba Bridgefy inaweza kusomwa na kufuatiliwa, na mtu mmoja anaweza kuuangusha mtandao wake mzima. Kampuni ikaimarisha: Oktoba mwaka huo ikaleta ufungaji uleule wa Signal. Kufuli bora kuliko yote sokoni. Mwaka 2022 watafiti wakarudi na kukuta matundu tena, kwa sababu kufuli zuri lilikuwa limepachikwa vibaya kwenye mlango wa zamani. Desemba 1940 yote hiyo. Kitabu kipya, koti lilelile.

Kwa hiyo mtu akikuambia apu imebadilishwa jina na sasa ni salama, muulize vitu vya kawaida kabisa. Msimbo wake uko wazi ili watu wengine waukague? Nani ameukagua, lini? Nini hasa kilibadilishwa? Orodha ya nani anaongea na nani inakaa kwa nani? Akianza kukuonyesha nembo mpya, shika njia.

Wazee wetu kisiwani walilijua hili bila hesabu. Muyaka bin Haji, enzi za Wamazrui na Busaidi wakivutana juu ya Mombasa, alitunga mashairi ya siasa kwa mafumbo. Ufunguo haukuwa kitabu, ulikuwa kujua nani kamkasirisha nani jana Mji wa Kale. Alipokuwa ameshafariki miongo mingi, ilibidi Mwalimu Sikujua akae na William Taylor kukusanya na kueleza beti zile, maana bila maelezo ya wenye mji nyingi zingebaki zimefungwa.

Na sheria yetu je? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria na kwa kiasi kinachofaa. Mwaka 2014 sheria za usalama zilibadilishwa kwa haraka na vyombo vya usalama vikapewa nguvu ya kunasa mawasiliano katika kupambana na ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane vya sheria ile. Cha kunasa mawasiliano ikakiacha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikauzuia mtambo wa mamlaka ya mawasiliano uliotaka kuunganishwa na kampuni za simu ili kunasa simu bandia, ikisema unahatarisha faragha. Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2020.

Yaani tusidanganyane kwamba serikali haina njia yoyote. Njia ya kisheria ipo. Kinachoombwa kwenye mijadala hii ni kitu kingine: kwamba kila kufuli litengenezwe likiwa tayari na tundu. Mgombea akilisema jukwaani, msimpigie makofi wala kumzomea kabla hajajibu: kibali atatoa nani, rekodi ya kila aliyesomwa itakaguliwa na nani, na aliyesomwa bila kosa ataambiwa lini?

Wiki ijayo: usajili wa laini za simu, na kwa nini kila uchaguzi unakuja na tarehe mpya ya mwisho.